Katibu wa Chama cha Kuandikiana

Hakuwa katibu wa kijiji, wala wa kata, wala wa chama chochote kilichowahi kuomba kura. Lakini ungeshuka kwenye bodaboda pale Chonyonyo ukauliza nyumbani kwa Katibu, hata mtu anayepalilia kahawa angeinua jembe kukuonyesha njia. Mimi nilikuwa jirani yake. Nilifundisha historia katika sekondari moja upande wa Ihanda, na nilimjua miaka mingi kabla mambo hayajaharibika, na miaka mingine baada ya hapo. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sitaeleza. Yeye mwenyewe alipoulizwa alijibu, "Hayo yako kwenye kitabu cha ubatizo," kisha akakuuliza juu ya mvua ya kwenu.

Zamani alifundisha fizikia. Akapelekwa Dar es Salaam kusomea shahada ya pili, na huko akachagua somo lililowashangaza hata waliomfundisha: barua ambazo wanasayansi wa Uingereza waliandikiana mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, na vyama vyao vya wasomi ambamo barua hizo zilisomwa kwa sauti mbele ya wanachama. Hakumaliza. Msimamizi wake alihamia nchi nyingine, ufadhili ukakatika, naye akarudi Karagwe na sanduku la bati lililojaa nakala za barua za watu waliokufa. Hilo ndilo alilovuna. Nimewahi kujiuliza kama lisingekuwa jambo jema sanduku lile lingepotea kwenye basi.

Aliwazungumzia Waingereza wale kama watu wa kitongoji cha pili. Majina yao aliyaona marefu, kwa hiyo aliwaita kwa kazi zao: yule wa mawe, yule wa mawingu, yule wa sumaku. Asubuhi moja alinikuta nafunga mlango niende kazini, akasema kwa huzuni ya kweli, "Yule wa sumaku amemjibu mwenzake vibaya sana."

"Lini, Mwalimu?"

"Leo. Ndiyo nimefika kwenye ukurasa huo."

Hakuwapendea uvumbuzi wao. Taa na mitambo havikumgusa. Alichokipenda ni kwamba mchungaji wa kijijini aliyeokota mfupa wa ajabu machimboni, au daktari wa mji mdogo aliyehesabu mvua ya uwanjani kwake, aliweza kukaa akaandika, na barua yake ikasafiri kwa farasi hadi London, ikasomwa mbele ya watu waliokaa vitini wakiwa kimya. "Kijijini kwake wanamwona amerukwa na akili," aliniambia, "lakini barua yake imepewa kiti." Neno hilo, kupewa kiti, alilisema huku akitabasamu, na huyo hakuwa mtu wa kutabasamu ovyo.

Alipostaafu akaanzisha chama chake. Alizunguka kwa baiskeli, kisha kwa bodaboda baiskeli ilipomshinda, akawapata bwana shamba, nesi wa zahanati, walimu kadhaa, katekista, na wakulima wa Karagwe na Kyerwa waliopenda kalamu. Masharti yalikuwa machache. Andika ulichokiona, usiandike ulichosikia. Andika kwa mkono wako. Barua yako itasomwa Jumamosi ya mkutano katika ukumbi wa usharika, nasi tutakujibu. Sharti la mwisho ndilo alilolishikilia kuliko yote: kilichomo ndani ya barua kisizungumzwe na mtu yeyote kabla ya kusomwa.

Nilimwuliza kwa nini. Akaniambia kwamba kule Uingereza watu waligombana hadi kaburini kwa sababu ya nani aliona kwanza, na kwamba chama ndicho kilichokuwa shahidi. Jambo likisomwa chamani, limeandikwa kwa jina la mwenye nalo. "Huku kwetu mkulima akisema neno la maana, kesho unalisikia kwa mwenye tai," alisema. "Mimi sitaki mwanachama wangu aibiwe." Sharti lile lilikuwa la kumlinda mnyonge. Nalisema hili mapema kwa sababu waliokuja kumlaumu baadaye walisahau.

Mikutano ile ilikuwa na raha yake. Siku moja mkulima wa Ihanda aliandika kwamba tumbili wa kwake wanaijua Jumapili: siku nyingine hawathubutu, lakini Jumapili huingia shambani na kula wakiwa wamekaa. Ukumbi mzima ukacheka mpaka nesi akafuta machozi. Katibu hakucheka. Aliinua macho juu ya miwani akauliza, "Jumapili ya Walutheri au ya Wakatoliki?" Maana saa za ibada haziwi sawa. Mkulima yule akashika kichwa, akasema hakuangalia. "Basi kaangalie," Katibu akamwambia, "halafu utuandikie." Na kweli aliangalia. Ikaonekana tumbili wanafuata kengele ya Walutheri, kwa kuwa shamba lile lilipakana na familia mbili za Kilutheri, ambazo saa hiyo huwa ibadani. Kila mtu alirudi nyumbani akiwa na furaha, kana kwamba dunia imesogea kidogo.

Lakini mtu huyu alikuwa na pande zisizolingana. Binti yake wa Mwanza alimtumia ujumbe wa simu karibu kila wiki, naye hakujibu, akisema zile si barua. Simu yake ilikuwa imezimwa siku zote ndani ya bakuli kabatini. Mkewe ndiye aliyemjibu binti, akibuni salamu za baba. Na mkewe huyo, aliyekijua kibanja chao, shamba la migomba lizungukalo nyumba, mgomba kwa mgomba, hakuwa mwanachama. Jioni moja Katibu alinieleza kwa hasira jinsi vyama vile vya Uingereza vilivyowaacha wanawake mlangoni, hata wale waliokuwa na akili kuwashinda waume zao. "Aibu!" akasema. "Aibu kubwa!" Mkewe alikuwa anaweka chai mezani.

"Na mimi nikae wapi, Mwalimu?" akauliza.

Katibu akacheka. "Wewe unajua tayari, mama. Uandike ya nini?"

Mama yule akamimina chai. Nami nilicheka, kama jirani mwema.

Kati ya waliomwandikia alikuwapo mmoja aliyemwita Mwenzetu wa Kyerwa. Alikuwa mkulima wa upande wa pili wa Nkwenda, mtu wa familia iliyotoka Burundi siku nyingi. Katekista alimwambia kuna chama Karagwe kinachopokea barua, naye akaandika. Hakuwahi kuja mkutanoni, kwani njia ni ndefu na nauli ni nauli. Hilo halikumsumbua Katibu, alilifurahia. Walikuwapo Waingereza, alisema, walioandikiana miaka mingi bila kuonana uso, wakazikana kwa barua.

Siku barua ya ugonjwa ilipofika nilikuwa uwanjani kwake. Kijana wa bodaboda aliikabidhi, Katibu akaisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa. Nikamwona uso unang'aa.

"Nimepata barua, mwanangu. Barua hasa."

"Inasemaje?"

"Utaisikia ikisomwa."

Baadaye tuliisikia sote. Mwenzetu wa Kyerwa alieleza kwamba migomba yake ilikuwa inageuka njano na kunyauka ingawa mvua ilikuwa nzuri. Ndizi ziliiva kabla ya kukomaa, na ukizipasua, ndani zimeoza. Ukikata shina linatoa kitu kama usaha. Mwishoni alikuwa ameandika: *naomba mnisaidie.*

Katibu alimjibu siku ileile, kwa maswali. Ugonjwa unaanzia kwenye jani au kwenye ndizi? Migomba ya kupika na ya pombe inaugua sawa? Nyuki wanatua wapi? Jibu likaja, zuri, la mtu aliyeangalia. Katibu akauliza mengine. Yakajibiwa. Msimu mzima wa mvua barua zilikwenda na kurudi, naye alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake kabla wala baadaye. Alitembea upesi. Aliimba tenzi. Alinunua wino. Naamini ule ndio msimu pekee katika maisha yake alipojisikia kuwa mmoja wa wale watu wa kwenye sanduku.

Mkutano ulicheleweshwa. Upepo uling'oa bati za ukumbi wa usharika. Zilipopigiliwa, tukapata msiba mkubwa pale kijijini. Katibu hakuona tatizo. "Hata wao walikuwa na likizo," alisema. "Nayo barua inazidi kukamilika."

Katikati ya kukamilika huko, mkewe alikwenda Kyerwa kwenye harusi ya mtoto wa dada yake. Alirudi na miche ya migomba inayotoa mikungu mikubwa, akaipanda nyuma ya nyumba, mingine akawagawia majirani, kama wanawake wanavyofanya. Mama yangu alipata miwili. Nilimsikia akimshukuru kwa sauti hadi barabarani. Katibu aliiona ile miche. Ni yeye aliyemchimbia mkewe mashimo.

Nilimwuliza juu ya hilo miaka iliyofuata, mara moja tu. Akasema, "Dada yake anakaa mbali na yule mwenzetu. Sikuwa na uthibitisho." Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma kitu kisichomsaidia tena.

Basi ukumbi ukapona, tukakutana. Katibu alivaa koti. Alisoma barua zote, za kwake na za yule mkulima, kwa mpangilio, taratibu, na kwa kweli lilikuwa jambo zuri kusikiliza: watu wawili wanautafuta ugonjwa kama mnavyomtafuta ng'ombe aliyepotea, mmoja huku, mmoja kule, wakiitana. Lakini wengi wetu tulianza kutazamana kabla hajafika nusu. Nyuma ya nyumba yake mwenyewe majani yalikuwa yameanza kuwa njano. Kwa mama yangu pia.

Bwana shamba alisimama bila kuomba ruhusa. "Mwalimu, huo ni mnyauko. Hauna dawa. Unakwenda kwa miche, unakwenda kwa panga, unakwenda kwa wadudu. Ni kung'oa na kuzika tu." Akazinyoshea kidole zile barua. "Ungenipigia simu. Simu moja tu, Mwalimu."

"Ilikuwa haijasomwa," Katibu akasema.

Ndipo mkewe alipotokea kwenye mlango wa jiko la ukumbi, birika mkononi.

"Barua ya kwanza ilikuja lini?"

Katibu hakuwa mwongo. Sijawahi kumshika kwa uongo hata siku moja. "Mvua zilipoanza."

"Kabla sijaenda kwa dada yangu?"

"Kabla."

Mama yule akaliweka birika chini, polepole, pembeni ya mlango mahali ambapo mtu asingelikanyaga. Akavua kitenge alichojifunga kwa kazi, akakikunja, akaenda nyumbani kwa miguu. Hakupaza sauti. Hakuna hata mmoja wetu aliyekunywa chai ile.

Asiyekulia kwenye kibanja hawezi kuelewa maana ya kung'oa. Migomba ya mama yangu ilipandwa na babu. Chini yake tumezaliwa, na chini yake tumezika. Tuliing'oa kwa majembe na panga zilizochomwa motoni, tukachimba mashimo, tukaifukia kama watu. Ilipokwisha, nyumba ikabaki uchi. Ukiwa barabarani ungeweza kumwona mama yangu akiosha vyombo, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu nyumba ile ijengwe. Yeye mwenyewe hakuizoea. Alikuwa akitoka nje, anasimama, anarudi ndani. Tukapanda mahindi. Mnyambo, mtu wa ndizi tangu kale, akala ugali wa dukani, na siku ya wageni akaenda sokoni kununua ndizi zilizokuja na lori. Mama alikufa kabla bwana shamba hajaturuhusu kupanda migomba tena. Sisemi mnyauko ulimuua. Nasema alikufa akiwa ametazamwa na barabara.

Chama hakikuvunjwa. Hakuna aliyesema kivunjwe. Jumamosi iliyofuata ukumbini alikuja Katibu peke yake, na iliyofuata tena, mpaka mzee wa kanisa alipomwomba ufunguo kwa ajili ya kwaya.

Hakutukanwa na mtu. Wakati mwingine nadhani matusi yangemsaidia, kwani mtu aliyetukanwa ana cha kujibu. Watu walimwamkia kama zamani, shikamoo Mwalimu, marahaba, wakapita. Lakini hakuna tena aliyemsimamisha kumwambia ameona ndege gani. Mkewe alimpikia na kumfulia. Usiku na mchana waliishi nyumba moja, na salamu za baba alizokuwa akimbunia binti wa Mwanza, hakuzibuni tena. Binti akauliza kwa nini baba kanyamaza. Mama akamjibu kwamba baba hajawahi kusema.

Hata hivyo Katibu aliandika tena. Aliandika taarifa ndefu ya ugonjwa ule, kwa Kiingereza, akaipeleka kwenye chama kimoja cha wasomi huko Uingereza, mojawapo ya vile vya zamani ambavyo bado vipo. Aliituma kwa posta, akangoja. Kisha tukaenda pamoja kwenye duka la fotokopi pale Omurushaka, dada wa dukani akaichapa na kuituma kwa kompyuta. Jibu lilitokea hapohapo, hata hatujatoka mlangoni. Katibu alikaa chini. Dada akalisoma: ujumbe wako umepokewa, tafadhali usijibu kwa anwani hii.

"Ni mashine hiyo, Mwalimu," nikamwambia nje. "Inajibu kila mtu."

"Najua," akasema. Tulitembea hadi kituo cha bodaboda. Kisha akasema, "Lakini imesema imepokea."

Hawakumwandikia tena. Nilitamani wamwandikie hata kumkataa.

Mwaka jana wakati wa kiangazi alikuja nyumbani kwangu akiwa na kofia mkononi, akaniomba nimpeleke Nkwenda. Siku hizi nina pikipiki. Alikuwa amekonda, na jicho lake la kushoto na la kulia hayakuwa yakitazama sawasawa.

"Nataka kumwona Mwenzetu," alisema. "Sijawahi kumwona."

Ilikuwa siku ya soko. Tulimwulizia kwa katekista wa huko, akatuelekeza kwenye ghala la wanunuzi wa mazao, kando ya barabara iendayo mpakani. Shamba hana tena, alisema katekista, anabeba magunia. Tulimkuta akishusha gunia la maharage kutoka begani, mtu mfupi, mkubwa wa kifua, mwenye kipande cha kiroba kichwani kukinga vumbi. Katibu alivua kofia.

"Mimi ndiye Katibu."

Yule mtu alimtazama. "Wa Chama?"

"Wa Chama."

Akajifuta mikono kwenye paja, akainama kidogo. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Mmefika," yule mtu akasema. Alisema hivyo tu, na kwa muda sikumwelewa. Halafu akageuka akanitazama na mimi, na pikipiki, kama anayetafuta waliobaki. "Mke wangu alikuwa anasema hawa hawaji. Nikamwambia, wakubwa huuliza kwanza, ndipo huja. Kila barua yako ikifika, anafagia uwanja. Tena alikopa vikombe."

Katibu akaigeuza kofia mkononi.

"Majirani walituambia tung'oe," mkulima akaendelea, bila ukali wowote, kama anavyoeleza mtu habari za safari. "Nikakataa. Nikasema tukiing'oa, wakija wataona nini? Si wameuliza jani, wameuliza ndizi, wameuliza nyuki? Tukaiacha isimame mpaka ya mwisho. Ugonjwa ukaenda kwa jirani, ukaenda kwa jirani yake. Wakatuchukia. Tukahama."

"Hatukuwa ofisi," Katibu akasema. Sauti ilitoka kidogo sana. "Tulikuwa watu tu, tunaandikiana."

Yule mtu akafikiri. Niliona anafikiri kwa bidii, kwa heshima, kama alivyofikiri kila alipoletewa barua.

"Watu tu," akasema.

Msimamizi wa ghala akaita kwamba lori linangoja. Mkulima akaomba radhi, akarudi kazini. Nilimshika Katibu mkono nikamwambia twende, jua kali. Hakusogea. Alisimama palepale kando ya mizani, kofia mkononi, akimtazama yule mtu anaingia ghalani na kutoka na gunia, anaingia na kutoka. Nilingoja aseme neno, maana hakuna jambo lililowahi kumpata asilolitolea mfano wa yule wa mawe au yule wa mawingu. Lori likajaa, likafunikwa turubai, likaondoka kuelekea mpakani, vumbi likatufunika wote.

Mkulima alipotoka na kutukuta bado tumesimama, alishtuka. Akaenda kwenye ndoo, akachota maji kwa kikombe cha plastiki, akamletea Katibu kwa mikono miwili. Katibu akakipokea bila kunywa. Yule mtu akangoja kidogo, akavua kile kiroba kichwani.

"Kuna swali lingine, Mzee?"